Simu, chipu, 5G na siku za mwisho: maswali ambayo watu wanarudia kuuliza

Haya maswali sikuyatunga. Ni yale yale yananijia baada ya ibada, kwenye grupu la vijana, na saa nane za usiku pale mtu anapotumiwa vidio ikamtisha mpaka usingizi ukakata. Nimeyapanga kuanzia ya msingi kwenda kwenye magumu, na kama jibu lipo kwingine nitakuelekeza namba ya swali badala ya kurudia. Mimi naamini Yesu anarudi, kweli kabisa, na ndiyo maana inaniuma kuona watu wake wanamsubiri kwa kuogopa mnara wa simu.

## Tuanzie kwenye maandiko

1. Biblia yenyewe inasema nini kuhusu chapa ya mnyama?

Fungua Ufunuo 13:16-18 usome mwenyewe, usisubiri kusomewa. Kuna mnyama anayewafanya watu wote, wadogo kwa wakubwa, matajiri kwa maskini, watiwe chapa kwenye mkono wa kuume au kwenye paji la uso, na asiye nayo hawezi kununua wala kuuza. Halafu andiko linaeleza chapa yenyewe ni nini: ni jina la mnyama au hesabu ya jina lake, mia sita sitini na sita.

Wengi wanaishia hapo wanafunga Biblia. Sasa wewe endelea mstari mmoja tu mbele, 14:1, utakuta watu 144,000 wamesimama na Mwanakondoo wakiwa na jina la Baba limeandikwa kwenye vipaji vya nyuso zao. Yaani paji la uso la huyu lina jina la mnyama na la yule lina jina la Mungu, na kwa hawa wa Mungu hakuna anayetafuta kifaa, wote tunaelewa ni habari ya wewe ni wa nani. Ukishuka mpaka 14:9 unakuta hukumu inamfuata anayemsujudu mnyama na sanamu yake na kuipokea chapa, hivyo vitu vinatembea pamoja. Shika hilo neno kumsujudu maana majibu mengi huko chini yanalitegemea.

2. Kwani 666 ni namba ya nani?

Zamani herufi zilikuwa ndizo tarakimu, kwa hiyo kila jina lilikuwa na hesabu yake. Ukiandika Neron Kaisari, yaani Nero mtawala wa Rumi, kwa herufi za Kiebrania ukajumlisha unapata 666, na ukiondoa ile n ya mwisho unapata 616, na kweli zipo nakala chache za kale za Ufunuo zenye 616. Irenayo, mwalimu wa kanisa la kale, mwaka kama 180 alishaijua hiyo 616 na akaikataa. Kwa sababu hiyo wapo Wakristo wanaosema Yohana alikuwa anawaambia makanisa ya wakati wake kuhusu Nero na dola ya Rumi, wapo wanaosema unabii huu umekuwa ukitimia hatua kwa hatua kwenye historia yote ya kanisa, wapo wanaosubiri mtu mmoja atakayetokea mwishoni, na wapo wanaoona ni picha ya kila utawala unaojifanya mungu. Mimi nipo kwa wale wanaosema Nero alikuwa mfano na mwenyewe bado anakuja, lakini sitamwita ndugu yangu mpotofu kwa kuona tofauti.

3. Kwa nini kila teknolojia ikitoka inaitwa ya mpinga Kristo?

Kwa sababu teknolojia ya mawasiliano inafanya mambo ambayo zamani tulidhani ni ya Mungu peke yake, kusikia kutoka mbali, kuona kila mahali, kujua kila mtu yuko wapi. Hofu hiyo ina msingi na siidharau.

Ila angalia mwaka 1844. Tarehe 24 Mei Samuel Morse alituma ujumbe wa telegrafu, yaani kwa waya wa umeme, kutoka Washington kwenda Baltimore na maneno aliyotuma yalikuwa ya Biblia, Hesabu 23:23, yanayostaajabia mambo aliyoyatenda Mungu. Miezi mitano baadaye, tarehe 22 Oktoba, maelfu ya wafuasi wa mafundisho ya mhubiri William Miller hukohuko Marekani walikesha wakimsubiri Yesu, kulipopambazuka watu wakalia. Kwa hiyo kizazi kimoja kiliona waya kama kazi ya Mungu na kikaona mwisho uko mlangoni, mwaka mmoja. Tangu hapo imepita redio, televisheni, setilaiti, kadi za benki, kompyuta, na kila kimoja kilisemwa ndicho chenyewe.

4. Danieli 12:4 inasema maarifa yataongezeka. Si ndiyo intaneti hiyo?

Inawezekana Mungu aliiona, yeye anaona yote, lakini soma mstari mzima. Danieli anaambiwa akitie muhuri kitabu mpaka wakati wa mwisho, kisha wengi wataenda mbio huko na huko na maarifa yataongezeka. Maarifa ya nini? Ya hicho kitabu kilichofungwa. Amosi 8:12 nayo ina watu wanaopiga mbio huko na huko, na wao wanatafuta neno la Bwana. Ukiniuliza mimi, mtu anayefungua Biblia kwenye simu akiwa kwenye foleni amelikaribia andiko hilo zaidi kuliko kasi ya intaneti yenyewe.

## Kifaa kimoja kimoja

5. Ni kweli baakodi ina 666 imefichwa?

Hapana, na hili unaweza kulikagua sasa hivi ukiwa na bidhaa yoyote mkononi. Tazama ule msimbo wa tarakimu 12 (nyingine huwa 13): mwanzoni, katikati na mwishoni kuna jozi za mistari myembamba iliyoshuka chini kuliko mingine. Hiyo inaiambia skana hapa tumeanza, hapa ni nusu, hapa tumemaliza. Upande wa kulia tarakimu 6 nayo inaandikwa kwa mistari miwili myembamba, ndiyo maana mtu akitazama kwa macho anaona "sita" mara tatu. Lakini 6 halisi baada ya mistari yake ina nafasi nyeupe pana, na jumla inachukua vipimo saba kama kila tarakimu, wakati mistari ya pembeni inachukua vitatu tu na ya katikati vitano. Skana haiisomi kama sita hata siku moja. George Laurer aliyeuchora msimbo huo aliulizwa sana hili swali na akakana.

Baakodi hizo zilianza kutumika dukani tarehe 26 Juni 1974 huko Troy, Ohio, kwenye pakiti ya chingamu. Miaka yote hiyo tunanunua vitu vyenye baakodi na hakuna aliyeambiwa amsujudu mtu kwanza.

6. Na www je? Wanasema w kwa Kiebrania ni 6.

Herufi vav ni 6, kweli. Ila herufi za Kiebrania zinajumlishwa, hazipangwi kama tarakimu zetu, kwa hiyo vav tatu ni 18. Ili upate 666 unahitaji herufi za 400, 200, 60 na 6.

7. Kutoa alama za vidole au kuchukua kitambulisho cha kidijitali ni kupokea chapa?

Hapa lugha yetu inatuponza kidogo, maana tunasema alama za vidole, alama ya mnyama, neno ni hilo hilo moja, mtu akisikia "weka alama" moyo unashtuka. Vidole vyako vimechorwa na Mungu tumboni mwa mama yako. Ukivibonyeza kwenye ile mashine ya kioo unatoa nakala ya kitu ulichonacho, hupokei jina la mtu mwingine. Chapa ya Ufunuo inakwenda upande wa pili, unatiwa wewe, na ni jina la unayemwabudu.

Mama mmoja tunayesali naye alikataa kufungua akaunti benki kwa sababu ya ile mashine, akawa anaficha akiba yake ndani ya mto wa kulalia, siku moja ikaibwa yote. Nilikaa naye kitandani pale pale, mto umechanwa pamba zimemwagika, akaniuliza, "Mwanangu, si nilikuwa namtii Mungu?" Sikuwa na jibu la haraka, nilimwambia tu Mungu ameuona moyo wake. Lakini waliomtumia ile vidio hawakuwepo siku hiyo.

Kuuliza taarifa zako zinatunzwa wapi na nani anaziona ni haki yako kabisa kama raia, uliza hata kwa sauti. Usiligeuze tu kuwa swali la wokovu.

8. Chipu ya kuwekwa mkononi? Hiyo si ndiyo yenyewe, mkono wa kuume?

Hii inafanana kuliko zote, ndiyo maana najibu kwa uangalifu. Chipu za chini ya ngozi zipo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu moja itumike kwa wagonjwa mwaka 2004, ikaacha kuuzwa 2010 kwa kukosa wateja. Ina ukubwa wa punje ya mchele, haina betri, inaamka tu pale mashine ya kuisoma inaposogezwa karibu kabisa na ngozi, inataja namba yake inalala tena. Haiwezi kukufuatilia kwa setilaiti kama wanavyosema kwa sababu haina nguvu ya kurusha kitu mbali. Ni teknolojia ileile ya chipu wanazowekewa mbwa na kadi za kugusisha.

Wengine wanasema andiko linasema chapa ni ndani ya mkono kwa hiyo lazima iwe chipu. Neno la Kiyunani pale ni juu ya, na ni hilo hilo linalotumika kwa muhuri wa Mungu juu ya vipaji vya nyuso kwenye Ufunuo 7:3.

Mimi mwenyewe nisingekubali kuwekewa ili nilipie vitu tu, kwa sababu kadi unaweza kuiacha nyumbani na mwili huwezi. Hiyo ni busara yangu, sikufungi nayo. Kuhusu anayekuwa ameshawekewa, nenda swali la 16.

9. 5G inaleta magonjwa na kuandaa utawala wa mnyama?

5G ni mawimbi ya redio, ndugu wa yale yanayoleta redio yako na 4G yako, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili jinsi mionzi ya eksirei inavyoweza. Kirusi hakipandi mawimbi, kinapita kwa pumzi na mikono. Aprili 2020 huko Uingereza watu walichoma minara wakiamini inasambaza Korona, wakati Korona hiyohiyo ilikuwa imefika nchi ambazo hazikuwa na 5G hata moja. Utafiti wa afya kuhusu simu unaendelea na ni vizuri uendelee. Andiko la 5G halipo.

10. Kuna hataza (haki ya uvumbuzi) ya Microsoft yenye namba 060606, hiyo mnasemaje?

Ipo kweli. Ni ombi la hataza WO2020060606 lililochapishwa Machi 2020, linazungumzia kutumia vipimo vya shughuli za mwili kupata sarafu ya kidijitali, na vifaa vinavyotajwa ni vya kuvaa au kuwa karibu na mtu, hakuna chipu ya kupandikizwa. 2020 ni mwaka, 060606 ni namba ya foleni, lazima ingemwangukia mtu. Na kwenye Ufunuo namba ni mia sita sitini na sita, siyo sita mara tatu zenye sifuri katikati.

11. Pesa taslimu zikiisha kabisa, si ndiyo "hakuna kununua wala kuuza"?

Hapa nakubaliana na wenye hofu kwa nusu. Malipo yote yakipita kwenye mfumo mmoja, mwenye mfumo anaweza kumzimia mtu akaunti kwa kubonyeza, na hilo halihitaji unabii kuliona. Zamani kumzuia mtu asinunue ulihitaji askari kila soko. Kwa hiyo ndiyo, chombo cha namna hiyo kinaweza kutumiwa na mwovu, na Wakristo wakitetea pesa taslimu ziendelee kuwepo wanatetea kitu cha maana, hata kwa wazee wasio na simu.

Ila chombo kinachoweza kutumiwa siyo chapa. Barabara za Rumi zilibeba majeshi yaliyowaua watakatifu na zilimbeba Paulo na injili. Siku mtu atakapokuambia msujudu huyu ndipo ulipie, hapo utajua, na jibu lako liwe tayari.

## Meseji, vidio na manabii

12. Nimetumiwa meseji kwamba Yesu anarudi tarehe fulani. Nifanyeje?

Swali hili ndilo linanijia kuliko yote na ninalipenda kwa sababu Biblia imelijibu karibu neno kwa neno. Wathesalonike walifikiwa na habari kwamba siku ya Bwana imeshafika. Paulo anawaandikia (2 Wathesalonike 2:2) wasifadhaike upesi, si kwa roho, si kwa neno, wala kwa waraka unaodhaniwa umetoka kwake. Umeona? Kwenye karne ya kwanza, bila simu, kanisa lilikuwa linahofia meseji feki ya siku za mwisho yenye jina la mtumishi mkubwa juu yake. Kwa roho, yaani "nimeonyeshwa". Kwa neno, yaani "nimesikia". Kwa waraka, yaani "imeandikwa na mtume mwenyewe". Ni njia tatu hizo hizo mpaka leo, tumebadilisha tu sauti ikawa voisi noti.

Na dawa aliyowapa? Nenda 3:17, mwisho kabisa wa barua, anashika kalamu mwenyewe na kusema hii salamu ni kwa mkono wangu, ndiyo alama katika kila waraka, ndivyo ninavyoandika. Aliwafundisha kuthibitisha. Wakristo wa siku hizo ilibidi waulize mwandiko huu ni wa nani kabla ya kutetemeka, na sisi tunafowadi kabla ya kusikiliza mpaka mwisho.

Kwa hiyo ukipokea, angalia vishale viwili pale juu vinavyoonyesha imeshapita mikono mingi. WhatsApp tangu Januari 2019 wanazuia kufowadi kwa zaidi ya soga tano kwa mara moja, na Aprili 2020 wakabana zaidi, iliyozunguka sana unaituma kwa soga moja tu, maana walijua inavyokwenda kasi. Jiulize nani kasema, lini, kanisa gani, nikimpigia ataikubali? Kama ni "mtumishi mmoja wa Mungu" bila jina, iishie kwako. Na ikitaja tarehe imeshajikana yenyewe kwa Mathayo 24:36. Harold Camping, mhubiri wa Marekani, alitangaza redioni kwamba ni tarehe 21 Mei 2011, ikapita, akasema 21 Oktoba, ikapita, mwaka 2012 akakiri hadharani kwamba alikosea na kutabiri tarehe kulikuwa dhambi. Kukiri ni vizuri, lakini wapo waliokuwa wameshamaliza akiba zao.

Tena barua ile ile ndiyo inayosema asiyetaka kufanya kazi asile (3:10), inaelekea wapo walioacha kazi. Usiache kazi.

13. Yesu akirudi tutamwona kwenye simu? "Kila jicho litamwona" itawezekanaje bila laivu?

Mathayo 24:26-27. Wakiwaambia yuko jangwani msitoke, yumo nyumbani msisadiki, kwa maana kuja kwake ni kama umeme utokavyo mashariki ukaonekana hata magharibi. Neno umeme siku hizi linatupeleka kwenye nguzo na waya, nimewahi kusikia hata mahubiri kwamba hapo Yesu alitabiri televisheni, lakini ule ni umeme wa mawinguni, wa radi. Na radi haihitaji mtangazaji. Ukitumiwa linki ya laivu kwamba Kristo ametokea mahali fulani, hiyo linki yenyewe ndiyo ushahidi kwamba siyo yeye.

14. Lakini mashahidi wawili wa Ufunuo 11, dunia nzima inatazama mizoga yao. Hapo si setilaiti?

Hapa siwezi kupinga kwa nguvu. Watu wa kila kabila na lugha wanawatazama siku tatu na nusu, na tangu 25 Juni 1967 yaliporushwa matangazo ya laivu ya televisheni kwa setilaiti kuunganisha mabara, sisi tunaweza kupata picha ya jinsi itakavyokuwa. Ila Matendo 2:5 inasema Yerusalemu walikuwepo watu wa kila taifa bila setilaiti yoyote. Kwa hiyo huenda, wala usiijengee fundisho.

15. Akili bandia ndiyo ile sanamu inayonena ya Ufunuo 13:15?

Juni 2023 huko Fürth, Ujerumani, watu zaidi ya 300 walihudhuria ibada ambayo sehemu kubwa iliandaliwa na ChatGPT, programu ya akili bandia, sura za kompyuta zikahubiri kwenye skrini. Picha zilisambaa na nilipokea maswali mengi. Sanamu ya Ufunuo inanena na pia inaua wasioisujudu, kwa hiyo kunena peke yake hakutoshi. Programu hizi zinakadiria neno linalofuata kutokana na maandishi mengi zilizolishwa, hazijui kama Mungu yupo.

Ninachokiogopa ni vitu viwili vidogo vya karibu. Cha kwanza, mtu mwenye huzuni anayeacha kuomba kwa sababu apu inamjibu haraka. Cha pili, sauti ya mchungaji wako kutengenezwa ikakuomba pesa ama ikatoa unabii. Mpigie kwenye namba unayoijua. Nabii yeyote wa laivu anayesema tuma sadaka sasa hivi upate kuepuka dhiki, funga hiyo simu.

## Yale magumu

16. Naweza kuipokea chapa bila kujua? Au nikilazimishwa? Au nimeshaweka chipu?

Bila kujua, hapana, kwa sababu ya lile neno la swali la 1. Hakuna anayeabudu kwa bahati mbaya wakati analipia nauli.

Kulazimishwa ni swali zito na kanisa limeshalipitia. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe dhabihu kwa miungu na wapewe cheti. Vyeti hivyo vimefukuliwa Misri, vimeandikwa kwenye mafunjo, mtu anathibitisha kwamba ametoa dhabihu na kuonja nyama ya dhabihu hiyo, shahidi anatia sahihi. Wapo Wakristo waliokubali kufa. Wapo waliotoa dhabihu wakilia. Na wapo waliohonga wapate cheti bila kutoa dhabihu. Baadaye wakarudi wakiomba kupokelewa, na Sipriani askofu wa Karthago pamoja na maaskofu wenzake mwaka 251 walikaa wakaangalia kesi moja moja: wenye vyeti vya kununua wakapokelewa baada ya toba, waliotoa dhabihu wakawekewa toba ndefu zaidi. Hawakusema mlango umefungwa.

Kwa hiyo wewe uliyeweka chipu ya kufungulia mlango wa ofisi, huna hata cha kutubu hapo. Lala.

17. Mtoto wangu ameona vidio za unyakuo, waumini wanachukuliwa ghafla kwenda mbinguni, sasa kila akiamka asiponikuta analia anadhani ameachwa.

Zifute mkiwa pamoja ili aone unazifuta. Kisha msomee 1 Wathesalonike 4:18 inavyomalizia habari hiyo hiyo: farijianeni kwa maneno hayo. Kama tunavyoifundisha inamliza mtoto, tumeifundisha vibaya. Na kwa wiki chache mwamshe kabla hujatoka, mwambie unakwenda wapi.

18. Nilifowadi vitu vingi vya uongo kuhusu chapa na 5G. Sasa nimejua. Nifanyeje?

Rudi kwenye magrupu yale yale, siyo kwa Mungu kimya kimya tu. Andika mistari mitatu: nilituma hiki, nimegundua siyo kweli, nisameheni. Usiweke maelezo marefu wala linki nyingine. Kisha mtafute mmoja mmoja yule aliyekujibu "Amina, nimeogopa sana", huyo mpigie simu.